Mama Masjala na Kava la Tatu

Kuna kipindi nilikuwa mtu maarufu Bariadi na sikuwa na habari. Nilidhani watu wa huku ni wakarimu tu. Nilikuwa afisa mifugo mgeni, nimetoka Korogwe na begi moja na adabu nyingi, na kila nilipopita sokoni watu walinitazama, wakanong'onezana, wakacheka kwa heshima. Siku moja mnadani mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alinishika mkono, akanikagua kuanzia viatu hadi kofia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, akiniita mwanaume kwa Kisukuma, "Ngosha, ni wewe unayeruka?" Nikamwambia hapana mzee, mimi nachanja. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelewa kwamba mambo mengine hayasemwi mbele za watu.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba uso wangu, ule wa picha ya pasipoti yenye kitambaa cha bluu nyuma, ulikuwa umebandikwa kwenye kava la diski, juu ya mwili wa shujaa wa filamu mwenye joho jekundu na kifua kama mlango wa ghala la pamba. Kava hilo lilikuwa limeshazunguka nusu ya mji. Aliyenifanyia hivyo ni mwenye nyumba wangu. Mtaa mzima ulimwita Mama Masjala, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake halisi alilitumia kwenye karatasi za serikali tu na aliona ni la huko huko.

Masjala, kwa ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini, ni kile chumba cha ofisi ambamo mafaili yote huishi. Barua ikiingia inapita hapo, ikitoka inapita hapo, na mwenye masjala ndiye anayejua faili lipo kwa bosi gani na limekaa huko siku ngapi bila sababu. Mama Masjala alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu, na alipostaafu hakustaafu. Alihamishia masjala nyumbani. Friji ilikuwa na faili. Mbuzi wake watatu walikuwa na faili moja lenye namba tatu. Mimi mpangaji nilifunguliwa faili siku ya kwanza, nikatakiwa nilete picha nne za pasipoti, na mimi kwa ujinga wangu wa mgeni nikaleta.

"Kisicho na faili hakijatokea," alikuwa akisema. Alisema hivyo kuhusu mvua, kuhusu uchumba wa majirani, na mara moja kuhusu malaria yangu, nikiwa natetemeka kitandani.

Filamu zilimwingilia kwa bahati mbaya. Wafanyakazi wenzake walimuaga kwa kumpa televisheni na deki, na mpwa wake wa Mwanza alipopita kumsalimia akasahau mezani diski tatu: filamu moja ya shujaa anayeruka angani, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mama hakuwa amewahi kutazama filamu nzima maishani mwake. Aliweka sehemu ya kwanza ili ajue tu kama deki inafanya kazi. Deki ilifanya kazi, na yeye akawa amekwisha.

Sina haja ya kueleza sana hadithi ya filamu hiyo. Sehemu ya kwanza shujaa anapigwa na radi, anaanza kuruka, anaokoa jiji. Sehemu ya pili anaokoa jiji lile lile. Sehemu ya tatu jiji bado halijajifunza. Jina lake lilikuwa la Kiingereza, la kutisha, na Mama alilikataa. Alimpa shujaa jina la Mlinzi wa Zamu.

"Anaitwa, anakwenda, anamaliza kazi, anarudi," aliniambia siku ya kwanza aliponieleza mapenzi yake. "Nimekaa ofisini miaka yote ile sijamwona wa namna hiyo. Nimemwona hapa."

Tatizo lilikuwa kava. Diski zile zilikuja kwenye mifuko ya nailoni, na kila mfuko ulikuwa na karatasi iliyochorwa mashujaa kumi, helikopta, mwanamke mwenye bunduki na chui. Katika filamu hakukuwa na helikopta wala mwanamke mwenye bunduki. Hilo aliweza kulisamehe. Chui hakuweza.

"Nimemsubiri huyu chui mpaka majina ya mwisho," alisema, na hasira bado ilikuwa mpya ingawa ilikuwa imepita miezi. "Nilikataa hata kwenda kuangalia mboga jikoni, nikasema nikitoka tu chui atapita. Mboga ikaungua. Yuko wapi chui? Kava ni ahadi, mwanangu. Ukimwahidi mtu chui, mpe chui."

Basi akaamua kumtengenezea Mlinzi wa Zamu makava ya haki. Alipata makasha matatu ya plastiki, akanunua manila, akakusanya kalenda za zamani, na kwa yale asiyoweza kuyafanya kwa mkasi na gundi alikwenda steshenari moja karibu na stendi. Binti wa steshenari alikuwa na kompyuta na subira, na subira ndiyo iliyotumika zaidi. Niliwahi kumsindikiza. Mama alisimama nyuma ya kiti cha yule binti kama msimamizi wa mitihani.

"Sogeza radi kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwako, mama?"

"Kushoto kwa radi."

Yule binti akanitazama kuomba msaada. Nikajifanya nasoma tangazo la kutoa kopi.

Mwandishi wa kava yeyote mwingine angeandika nyuma maneno matatu ya kuvutia wateja. Mama Masjala aliandika barua. Hakujua njia nyingine ya kuweka maneno kwenye karatasi, na nadhani hakuamini kama ipo. Kava la kwanza nyuma lilisomeka hivi, nalikumbuka lote:

"Kumb. Na. MLZ/01. YAH: KUOKOLEWA KWA JIJI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. 2. Mtumishi mmoja alipigwa na radi akiwa kazini na kuanza kuruka. 3. Pamoja na hayo hakupandishwa cheo. 4. Unaombwa kuitazama filamu hii hadi mwisho na kuirudisha ikiwa safi. Nawasilisha. Nakala: majirani wote."

Chini akapiga muhuri. Muhuri ulikuwa wa kikundi cha kina mama cha kuweka akiba, lakini alisema muhuri ni muhuri.

Sasa hapo kwenye ahadi ndipo unapoanza kumwelewa, au kuacha kumwelewa. Mwanamke aliyeunguza mboga kwa sababu ya chui wa uongo alijaza makava yake ng'ombe. Nyuma ya shujaa, chini ya magorofa marefu, palikuwa na ng'ombe saba waliokatwa kwenye kalenda ya dawa za mifugo. Kalenda ilikuwa yangu, kwa taarifa.

"Mayu," nikamwambia, maana nilikuwa nimeshajifunza kumwita mama kwa Kisukuma nikitaka kubishana naye salama, "kwenye filamu hakuna ng'ombe."

"Wapo. Hawajaonyeshwa."

"Lakini kava ni ahadi."

"Jiji kubwa vile, watu wote wale, asubuhi wanakunywa nini?"

Mpaka leo nikitazama filamu za majiji makubwa najikuta nawatafuta ng'ombe.

Na shujaa katika filamu anavaa kinyago, macho tu ndiyo yanaonekana. Mama hakukubali hata kidogo. "Mtumishi anayeficha uso ana kesi," alisema, akamvua kinyago kwa mkasi na kubandika uso wangu. Nilipolalamika alinieleza kwa upole kwamba kwenye faili langu zilikuwa zimebaki picha, na kwamba masikio yangu ni ya mtu anayesikia akiitwa. Nimezaliwa na masikio haya na yule ndiye mtu wa kwanza kuyasifia. Sikulalamika tena.

Lakini nililipia. Nilipelekwa Sola, upande wa Maswa, kusaidia wenzangu kuchanja ng'ombe. Kumbe Mlinzi wa Zamu alikuwa amefika kabla yangu. Mtu aliazima diski huku Bariadi, akampelekea shemeji yake huko Binza, shemeji akapeleka Nyalikungu, na kutoka hapo kava likaenda Sola kwenye gunia la mahindi. Mama mmoja mkulima wa pamba alikataa kufungua zizi. Alisema haiwezekani mtu wa hadhi ile aje kuchanja ng'ombe, lazima kuna jambo serikali inaficha. Mwishowe akatoa sharti: niruke kidogo waone. Wenzangu, ambao mpaka leo siwahesabu kama marafiki, walisema sharti ni dogo. Nilipanda kwenye tela lililojaa pamba, nikaruka, nikatua chini kwa mguu mmoja na goti. Walipiga makofi sana. Ng'ombe wote wakachanjwa. Nilichechemea wiki mbili, na Mama Masjala aliposikia aliandika karatasi na kuiweka kwenye faili la Mlinzi, siyo kwenye langu.

Kitu alichokionea fahari kuliko vyote ni migongo ya makasha. Alikuwa akiyalaza juu ya kabati, moja juu ya jingine, na kwenye migongo alichora picha moja iliyogawanywa: ya kwanza chini ilikuwa na miguu ya ng'ombe, ya pili tumbo, na ya tatu, juu kabisa, ingekuwa na mgongo, kichwa na pembe. Ng'ombe alikuwa mrefu kama benchi lakini alikuwa ng'ombe. Mtu akiazima diski bila kuaga, Mama alijua akiwa bado mlangoni. Alitoka nje akaita kwa sauti mtaa mzima usikie: "Ng'ombe wangu hana tumbo! Nani amechukua tumbo?" Na kila mara mtu fulani alitoka na tumbo, ameinamisha kichwa.

Nimesema ya tatu ingekuwa na kichwa. Haikuwa nacho, na hapa ndipo lilipokuwa jambo lenyewe.

Diski ya tatu ilikuwa mbovu. Ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, pale treni imejaa abiria, daraja limekatika, na Mlinzi wa Zamu ananing'inia kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika behewa. Hapo picha iliganda. Sauti ilisema gi-gi-gi-gi. Basi. Mama aliipangusa kwa kanga, akaiosha kwa sabuni, akaipaka dawa ya meno kama alivyoshauriwa, akaiombea. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza na nina uhakika Mlinzi alitajwa. Gi-gi-gi-gi.

Akanunua nyingine sokoni. Ikaganda pale pale. Akanunua ya kibanda cha pili, pale pale. Akamtuma mtu Nyalikungu, ikaja, ikaganda behewa lile lile. Ndipo tulipoelewa kwamba kopi zote za upande wetu zilikuwa zimetolewa kwenye diski moja, na aliyezitoa hakuwahi kuitazama mpaka mwisho. Bariadi nzima ilikuwa inaning'inia darajani na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Sasa mtu mwingine angeandika tu nyuma ya kava la tatu kwamba shujaa anashinda, akaendelea na maisha. Mama alisema faili halifungwi kabla ya karatasi ya mwisho. Kava la mbele alilimaliza: mimi, joho, daraja, ng'ombe ng'ambo ya mto. Nyuma kulikuwa na neno YAH na nukta mbili, na chini yake weupe mtupu. Kichwa cha ng'ombe alikichora kwenye karatasi akakihifadhi, asikibandike. "Akikamilika ndiyo atapata kichwa," alisema.

Majirani walilifanya jambo hilo kuwa ada. Jumapili mchana walikuja kutazama mpaka gi-gi-gi-gi, kisha kikakaa kikao cha kujadili kilichotokea baadaye, na Mama akaandika muhtasari. Mchungaji wa kanisa la jirani alishikilia kwamba Mlinzi anaanguka lakini anafufuka. Mzee mmoja mchuuzi wa ng'ombe alisema hayo si muhimu, muhimu ni nani atalipia treni, na kwa hesabu yake adui angetozwa ng'ombe mia na dume. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mama alihitimisha kila kikao kwa maneno yale yale: suala limeahirishwa.

Mimi nilikuwa nimeshaiona filamu hiyo Dar es Salaam kabla sijahamia huku. Nilijua mwisho. Siku moja kwa bahati mbaya nikafungua mdomo na kusema, "Kwa kweli pale darajani yeye…" Mama alisimama kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kuiona, akanifunika mdomo kwa kiganja kilichonukia gundi. Kesho yake nilisainishwa kiapo cha kutunza siri, karatasi mbili, shahidi mchungaji. Kwa hiyo watu wa Bariadi sijawaambia mpaka leo. Nakuambia wewe kwa sababu hukuwepo: shujaa anakufa. Anaokoa treni, anaanguka, anakufa, mvua inanyesha, watu wanamzika na miavuli.

Alikuwa na mambo mengine mengi. Alimpenda mtu anayeruka juu ya magorofa lakini yeye mwenyewe hakuthubutu kupanda stuli. Balbu ikiungua alikaa gizani mpaka nirudi kazini. Aliweka nyumba nzima kwenye mafaili na kila siku alitafuta miwani. Nilidhani ni uzee na mzaha, tukacheka wote, na nikawa namkuta ameshika kava karibu kabisa na pua, analigeuza kuelekea dirishani. Siku aliyobandika kichwa changu kwenye kifua cha shujaa badala ya shingoni, nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliking'oa polepole, akapapasa shingo ilipo kwa kidole, akabandika tena.

Tulikwenda hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, na kilichokwishapotea hakirudi, dawa ni ya kutunza kilichobaki. Mama aliongea tulipokaribia nyumbani.

"Sitaki mambo mengi," akasema. "Nataka nimwone akitoka pale darajani. Niandike, nibandike, nifunge. Halafu macho yafanye yanavyotaka."

Nikamwambia nitaitafuta diski nzima, popote ilipo. Nilisema nikiwa namaanisha. Mwezi uliofuata nikapata barua ya uhamisho kwenda Singida, na siku ya kuondoka nikamwahidi tena, mlangoni, mbele ya mbuzi wote watatu. Alinishika masikio yote mawili, akanishukuru, "Wabeja, mwanangu. Nenda kazini."

Ningependa kusema kwamba diski ilikuwa ngumu kupatikana. Ilikuwa ngumu kidogo. Watu walikuwa wameshahamia kwenye flashi na simu, vibanda vikafungwa. Niliwahi kumpigia kumwambia nimtumie filamu hiyo kwenye flashi, akaniuliza, "Hiyo flashi nitaivalisha wapi kava?" nikacheka, nikasema basi nitatafuta. Lakini ukweli ni kwamba mwenzangu mmoja wa ofisi ya Singida alikuwa na diski safi kabatini kwake, na alinipa mwaka wa kwanza tu. Ikakaa kwenye droo yangu. Kulikuwa na kampeni ya chanjo, kulikuwa na harusi ya mdogo wangu, kulikuwa na likizo niliyoipeleka Korogwe. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Ni uvivu, sina jina lingine la kuupa, na bado unaniuma.

Nilirudi Bariadi baada ya miaka mitatu, mchana, diski iko mfukoni mwa shati. Nilipiga hodi mara tatu kama nilivyofundishwa kwetu.

"Hodi ya Tanga hiyo," sauti ikasema ndani. "Pita."

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Umekonda. Unatembea kama mtu aliyekonda."

Alikuwa kwenye kiti chake. Macho yalikuwa wazi na yalitazama kidogo pembeni yangu, upande wa dirisha. Aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka: anaona mwanga, anajua mchana na giza, watu hawaoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi tangu Shinyanga. Nikasema tu kwamba nimeleta diski.

Kisha akanyoosha mkono kwenye kabati, moja kwa moja, bila kupapasa, akachukua kasha la tatu lililokuwa limewekwa pembeni ya wenzake. "Weka hiyo kwenye deki," akasema, "na hili shika wewe. Nililimaliza nilipokuwa bado naona kidogo. Niliogopa kusubiri."

Nyuma ya kava hapakuwa weupe tena. Palikuwa na maandishi ya kalamu nene, mistari imepanda na kushuka. Sikuwahi kuyasoma vizuri, maana filamu ilishaanza na kazi yangu ilikuwa kumsimulia kinachoonekana. Nilisimulia saa nzima. Tukafika darajani. Mama akashika mkono wa kiti. Treni ikaning'inia, mkono ukanyooka, nikasubiri gi-gi-gi-gi.

Ikapita.

"Imepita!" nikapiga kelele.

"Nimesikia! Niambie sasa, anafanya nini?"

Kwenye televisheni Mlinzi wa Zamu alikuwa anasukuma behewa la mwisho juu ya reli, na vidole vyake vilikuwa vinaachia. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha barua za ofisi, na wale walikuwa wakilia tu. Aliyekuwa anajua ni mimi. Nikamtazama yule mama amekaa wima, uso umeelekea mwanga wa dirisha badala ya televisheni. Nikainamisha macho kwenye kava lililokuwa magotini mwangu, nikaanza kusema.

"Hakuanguka. Alikuwa anashuka."

"Ehe."

"Treni imefika salama. Imechelewa dakika chache. Abiria wote wanateremka na mizigo yao."

"Vizuri. Mbona nasikia watu wanalia?"

"Ni furaha, mayu."

"Watu wa mjini wana furaha ya ajabu. Endelea."

Mvua ilikuwa imeanza kwenye televisheni. Miavuli ilifunguka. Nikaendelea, "Na jiji limeshauriwa kuanza kujilinda lenyewe. Basi, ndiyo mwisho."

Akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya akisikiliza mtu anadai faili lake limepotea.

"Umeacha aya ya nne," akasema.

Nikatazama. Ilikuwepo, kati ya treni na jiji. Nilikuwa nimeiona nikairuka, kwa sababu jicho langu lilikuwa limekwishaisoma kabla ya mdomo.

"Soma," akasema. "Niliiandika kwa shida."

Nikasoma. "Nne. Mlinzi alihamishwa kituo, kama watumishi wote. Aliahidi kurudi. Akirudi atakuwa amechelewa. Asiulizwe sababu. Apewe chai."

Nilizima televisheni, nao wakaishia na mazishi yao huko. Mama alitoa kwenye mfuko wa gauni bahasha ndogo, ndani kuna karatasi: mgongo, kichwa na pembe. Alinionyesha kwa kidole wapi pa kupaka gundi, akaniambia nisibandike kama afisa mifugo, nibandike kama mtu. Nikabandika, nikalilaza kasha la tatu juu ya mengine mawili. Akapitisha vidole kutoka kwato mpaka pembe, akarudia tena.

"Yupo mzima?"

"Mzima, mayu."

"Chupa ya chai iko nyuma yako," akasema.